Redio ya Dada Yake

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mke wangu, mtaani wanamwita Zamani. Si kwa umri. Kazi yake ni kuchukua kompyuta mpya na kuivika kasha la mbao, ifanane na redio za enzi zetu. Akishapiga vanishi inang'aa, anachukua msasa anaisugua ichubuke. Nilimuuliza mbao imemkosea nini. Akasema siku hizi watu wanapenda uzee. Mimi ninao wa kumwaga, sijaona mteja.

Kabla ya hapo alitengeneza saa, akaacha. Akapiga picha, akaacha. Kila kazi anaionja kama mchuzi, halafu anaweka kijiko chini. Dada yake ndiye alikuwa akimtetea. "Mwache, mume wangu, atatulia." Kafa hajamwona ametulia.

Tumezika, hata viti vya kuazima havijarudi kwa wenyewe, huyo kaingia na futi mkononi. Akapiga magoti mbele ya redio ya marehemu.

"Shem, nipe ganda tu. Kuna mtu anataka kitu halisi, nimwekee kompyuta humo."

"Na matumbo yake?"

"Si imekufa hiyo?"

"Na mwenyewe kafa. Ondoka."

Hakuondoka mpaka alipomaliza kupima.

Akarudi na mzigo kaufunga shuka. Akaufungua mezani, karibu na ile redio. Nisiseme uongo, zilikuwa pacha. Hata pale juu dada yake alipoweka pasi ya moto, kaunguza vilevile. Kitambaa cha mbele kile kile, kimefifia.

"Tubadilishane, shem. Hii inaimba, ina picha, ina kila kitu. Yako bubu. Fumba macho uzipapase. Ukiijua yako, sikuombi tena."

Nikafumba. Nikapapasa moja, nikapapasa ya pili. Nikafika kwenye kitufe cha sauti, pale marehemu alipokuwa akiegemeza vidole akizungusha, mpaka vanishi ikalika.

"Hii ndiyo yako."

"Umebahatisha."

"Umechubua kulia. Yake imelika kushoto."

Akainama kutazama. "Hapo sikupima. Nilishika tu kama mtu anavyoshika."

"Mtu yupi? Dada yako alikuwa mashoto. Mkono uliokulisha uji umeusahau, unakumbuka alama ya pasi."

Akaweka mkono wa kushoto pale palipolika kwenye ile ya zamani. Vidole vikakaa. Nikamwacha, hata mimi huwa naweka.

Halafu akafunga mzigo wake. Ni mzito, sikumsaidia. Mlangoni akageuka.

"Shem, kwani nikiisugua na upande wa kushoto?"

Nikamwambia akasugue kichwa chake, nikafunga mlango. Redio ipo palepale.