Karata ya Kumi na Tano

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alichora picha za vitabu vya shule kwa miaka thelathini na mmoja. Mbuzi, jembe, mtoto anayepiga mswaki: kizazi kizima kilijifunza kusoma kwa mkono wake, na hakuna kitabu hata kimoja kilichobeba jina lake. Hakuolewa. Aliishi chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya umeme, brashi zake zimesimama ndani ya kopo la maziwa ya unga, na hakuwahi kuiletea familia yetu maneno. Nayasema haya mapema kwa kuwa ni haki yake.

Alipostaafu, mchapishaji mmoja alimwagiza karata za taroti, zile ambazo watu huzitandaza mezani kutafuta bahati zao. Zilitakiwa sabini na nane, zote za maisha ya shambani, na juu ya boksi lingekaa jina lake kwa herufi kubwa. Alizifanyia kazi miaka miwili. Karata kubwa kila moja ina namba na jina lake: Mnara aliufanya ghala lililopigwa na radi. Mpumbavu akawa bwana anayehama na furushi kichwani, mbwa akimvuta suruali.

Alikuwa na tabia moja katika kazi yake: hakuweza kuchora uso asioujua. Kwa hiyo akatuchora sisi.

Kabla hazijaenda kiwandani aliniita nizione, akazitandaza kitandani.

"Mimi umeniweka wapi?"

"Wewe ni Haki, wifi. Huyo hapo, anapima maharage kwa kibaba. Mashavu nimekupunguzia."

Tulicheka. Nikageuza karata ya kumi na tano, Ibilisi, na kicheko kikanikauka mdomoni. Juu ya kinu kilichopinduliwa alikaa baba mkwe wangu, mwalimu mkuu ambaye shule ya kijiji inaitwa kwa jina lake. Miwani yake, koti lake, fimbo mapajani. Miguuni pake watoto wawili wamefungwa kamba: mume wangu na wifi mwenyewe.

"Huyu ni mzee," nilisema.

"Ndiye."

"Una kichaa? Watu watamtambua!"

"Wamtambue."

"Mzee aliyenipokea kama binti yake! Hata sauti hakuwahi kunipandishia."

"Wewe ulimkuta amezeeka," alisema, macho kwenye karata. "Sisi tulimkuta na nguvu zake. Muulize..." Wa kuulizwa tulikwisha kumzika.

Nilikumbuka makovu ya mgongoni mwa mume wangu. Aliniambia aliangukia seng'enge utotoni, nami sikuuliza tena. Lakini nina watoto wanaobeba jina lile, na wajukuu wanaosoma katika shule ile. Nikamwambia abadilishe uso.

"Uso nisioujua siwezi kuuchora, unajua."

"Basi usiweke jina letu kwenye boksi."

Nilidhani atalia, au atanitukana. Alichukua raba, akafuta jina kwenye mchoro wa boksi, herufi moja moja, kisha akapuliza karatasi.

"Haya, wifi. Jina lenu hilo, nendeni nalo."

Karata zilitoka mwezi wa sita, bila jina la mchoraji. Nikimpigia simu anaitikia kwa adabu, anauliza hali ya wajukuu, anakata. Alitaka kitu kimoja tu duniani kibebe jina lake, na mimi ndiye niliyemnyima. Watoto wameniuliza kwa nini shangazi yao haji tena nyumbani. Nimewaambia ana kazi nyingi.