Maji Aliyoyaogopa Inaq Sumenah

Kijijini kwetu, kisiwani Lombok, hakuna aliyekuwa na kicheko kama cha Inaq Sumenah, na Inaq kwa lugha yetu ni Mama. Tulifuma kwenye baraza lake, mimi na yeye, miguu tumeinyoosha, na akicheka nyuzi zangu nazo zinatikisika. Kisha akaacha kucheka. Watu wakasema Mama huyu anaringa kwa kuwa zamu yake ya Hija imefika, zamu aliyoingoja tangu mumewe yu hai. Upuuzi mtupu. Mimi niliyekaa ubavuni pake nilimwona anavyokalia saruni iliyokunjwa, anavyobana mapaja chafya ikimjia, anavyokataa kahawa. Maji alikuwa hanywi mpaka jua lizame, midomo imempasuka.

Siku ya mazoezi ya Hija nilimsindikiza. Uwanjani mwa msikiti walisimamisha Kaaba ya mbao iliyovikwa kitambaa cheusi, mahujaji wakaizunguka. Inaq Mahyun, jirani yetu asiye na breki mdomoni, akanong'ona kwamba kiongozi wa msafara anatembea kama bata aliyeshiba. Inaq Sumenah akajisahau, akacheka. Nikaona nguo yake nyeupe inaloa nyuma. Nilimfunga shuka langu kiunoni nikamtoa, nikidai anaumwa mguu.

Njiani akanieleza. Tangu uzazi wa mwisho, ule uliomtesa sana, akikohoa tu mkojo unatoka.

"Udhu wangu haumalizi hata rakaa mbili. Nikaichafue nyumba ya Mungu, mwanangu?"

Nikamwomba tumuulize ustadhi, au basi mkunga wa zahanati.

"Mwambie mtu, na barazani kwangu usikanyage tena."

Nilimbembeleza mpaka nikachoka, na roho iliniuma kwa sababu sikuwa na la kufanya. Wanawe waliambiwa ni magoti. Akaomba jina lake lifutwe kabisa, na kwetu aliyefutwa huanza foleni upya, foleni ambayo mtu wa umri wake haimalizi. Basi la mahujaji lilipoondoka, alikuwa amejifungia ndani.

Inaq Mahyun aliporudi kutoka Hija, wanawake tulijazana chumbani kwake, Inaq Sumenah kando yangu, kula tende na kumsikiliza. Mmoja akamuuliza aliwezaje safari ndefu vile na umri ule.

"Ah, mie na kibofu changu hiki kilicholegea?" akasema. "Ustadhi aliniambia waziwazi: jifunge nepi, wakati wa swala ukiingia tia udhu uswali, kitakachovuja hapo si kosa lako. Na mkunga kanifundisha kubana kule chini na kuachia, kila siku, nayo inasaidia. Kasema nisijinyime maji, mkojo mkali ndio unaokichokoza kibofu. Nimeizunguka Kaaba na nepi yangu, wala sikuona haya."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Inaq Sumenah alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanamdondokea mapajani, na waliomwona walidhani ni machozi ya imani.

Mahyun akampa kikombe cha maji ya zamzam aliyoyaleta kutoka Makka, akamwambia anywe aombe dua. Wote wakamgeukia kumngoja. Inaq Sumenah akanisogezea mdomo sikioni.

"Nikinywa, nitafika nyumbani?"

Akalowesha midomo tu, akanipa kikombe kikiwa kimejaa.