Kiatu cha Kushoto cha Fundi wa Suneka

Fundi wa Suneka hapimi klachi kabla hajavua kiatu cha kushoto. Kiatu, husema, ni kama mkwe: hakikwambii yote. Hukiweka juu ya boneti, akaingia garini, akaipapasa pedali kwa kidole gumba cha mguu, macho kayafumba, huku akivumisha puani wimbo wa kanisani. Siku moja Persis alikuwa amemletea gari kuukuu la mizigo alilotaka kulinunua, limtolee vinyago vyake vya mawe Tabaka hadi Kisii, maana mabega yake yalikuwa yamekoma. Fundi alivuta breki ya mkono, akatia gia ya tatu, akakanyaga mafuta kidogo, kisha akaiachia klachi. Persis aliomba kimoyomoyo injini isizime. Haikuzima. Ilinguruma tu, na gari limetulia kama ng'ombe anayekamuliwa.

“Mnaona nguvu?” mwenye gari, Bwana Okemwa, akapiga makofi. “Magari mengine ukiyabana hivyo, hufa!”

Persis naye alikuwa ameinua mikono apige makofi, ndipo akasikia wimbo umekatika puani mwa fundi. Harufu ya kuungua ikapanda. Fundi alizima gari, akashuka, akakivaa kiatu polepole, akikaza kamba kama mtu anayekwenda msibani.

“Klachi nzima ingeiua injini papo hapo,” alisema kwa upole. “Hii imeisha, inateleza. Ukilipakia mawe kule Tabaka, mama, sauti itafika Kisii. Gari utabaki nalo Tabaka.”