Rekodi ya Mukaka

Kabla simu hazijatufikia Butembo na yule nyoka wao anayekula nukta, mchezo uliotawala mtaa wetu wa Kimemi ulikuwa kidude cha matofali. Matofali yanaanguka kutoka juu, unayapanga, mstari ukijaa unafutika. Wafanyabiashara walikileta kutoka Dubai pamoja na vitenge, na vita au si vita, kila nyumba ikakitaka. Waprotestanti walijidai hawakigusi siku ya Jumapili, lakini Jumatatu asubuhi shemasi jirani yetu alikuwa na rekodi mpya.

Rekodi ilikuwa na ugonjwa mmoja: ukitoa betri, inafutika. Na betri zilikuwa adimu. Nyumbani tulikuwa na mbili tu, zilizokaa ndani ya mchezo siku za utulivu na kuhamia kwenye redio ndogo ya baba bunduki zikilia. Ndiyo maana baada ya kila hofu mtaa mzima ulianza upya, shemasi na sisi Wakatoliki pamoja.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tano na bingwa wa nyumba, mpaka nyanya yangu, tuliyemwita mukaka, alipoomba kuona kitu kinachoniharibia macho. Wiki mbili baadaye alikuwa amenizidi mara mbili. Alisema amepanda maharage maisha yake yote, anajua kujaza mstari. Majirani walikuja kuiona namba yake. Shemasi naye alikuja, akaisoma, akaacha chai nusu kikombe. Mimi wivu uliniuma, sitaficha.

Basi mchana mmoja nilimwendea baba nikamwambia wanawake wa soko wanasema kuna mapigano. Wanawake hao hawakuwapo. Baba akauliza wapi. Uongo unahitaji mji, na mji ulionijia mdomoni ulikuwa Beni, kwa sababu mama alikuwa ameondoka alfajiri kwenda huko kununua kakao. Hilo la mama nililikumbuka nikiwa nimeshasema.

Baba alisimama mbele ya mukaka, akangoja kwa heshima amalize mchezo.

“Bunduki inalia wapi?” mukaka aliuliza bila kuinua macho.

“Beni, mama.”

Hakumaliza mstari. Alizitoa betri mwenyewe kwa haraka, moja ikabingirika chini ya kitanda. Akapiga magoti kuitafuta. Redio ilitaja miji mingi, Beni haikutajwa, na hilo halikumtuliza hata kidogo. Alishika rozari, akakataa kula. Nilitaka kusema kweli, nikaogopa fimbo, nikaona aibu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mchana ule ilikuwa ndefu kuliko barabara ya Beni.

Jua likielekea kushuka, mama alishuka kwenye lori, vumbi mpaka kwenye nyusi, mkungu wa ndizi kichwani.

“Beni iko namna gani?” baba aliuliza.

“Beni? Joto tu. Lakini kuko nini hapa?”

Mukaka alicheka, akalia, kisha akaniita chumbani kwake.

“Ni nani alikuambia ile habari?”

“Ni bamama ba soko.”

“Bamama gani?”

Alinitazama usoni, akajua. Hakumwambia baba. Alirudisha betri ndani ya kidude, akakiwasha, akanipa.

“Shika. Sasa tuko bote kwa zéro. Cheza.”

Nilicheza mbele yake na matofali yakarundikana mpaka juu kabla sijajaza mistari mitatu. Akakichukua taratibu. Kufika Jumapili alikuwa tena mbele ya shemasi.

Baadaye simu zilikuja, na rekodi za nyoka hazikufutika hata ukitoa betri, kwa hiyo mtaa ukahamia huko wote. Mukaka alibaki na matofali yake. Na tangu siku ile, hata bunduki za kweli zilipolia mlimani na sote tukazisikia, hakufungua kidude kutoa betri kabla ya kunitazama mimi usoni.