Siku Niliyochemsha Meno ya Shosho

Kosa lilikuwa langu, na nililifanya kwa roho safi kabisa.

Shosho, nyanya yangu, alikuwa ametoka nyumbani magharibi kuja kwa harusi ya dada yangu, na kwa hizo siku chache alikuwa analala kwetu hapa Kianda, Kibera. Nilifurahi kuwa naye. Ni mtu wa miaka zaidi ya themanini lakini anaamka kabla yangu, na akiamka anaimba. Meno yake yote ni ya bandia. Kila asubuhi alikuwa anayatoa kwa zamu: ya juu kwanza, anayasafisha na kuyarudisha, halafu ya chini anayaacha yakae kwenye bakuli la maji akienda kupiga gumzo na jirani.

Jumatano hiyo nikachungulia lile bakuli. Nikaona maji yametoka moja kwa moja kwenye jerikeni. Sasa, sisi tuliolelewa hapa tunayajua maji ya jerikeni. Huyanywi bila kuchemsha, na mtoto wa Kianda anaambiwa hivyo hata kabla ya kufundishwa kusalimia watu. Nikawaza, haya ni meno yanaenda kuingia kwa mdomo wa shosho wangu. Sufuria ya maji ya chai ilikuwa jikoni inatokota. Nikamwaga yale maji baridi, nikayamiminia meno maji ya moto mpaka yakafunikwa, na nikakaa hapo najiona daktari.

Shosho akarudi, akaweka meno. Akayatoa. Akayaangalia. Akayaweka tena, akajaribu kufunga mdomo, nayo yakacheza kama stuli yenye mguu mmoja mfupi.

"Umeyafanya nini haya?"

"Nimeyachemsha, shosho. Nilikuwa naua viini."

Akanitazama kidogo, halafu akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Basi viini vimekufa," akasema. "Na meno pia umezika."

Lakini alipokaa kitandani kicheko kikaisha. Akasema pole pole, "Jumamosi ya harusi mwambieni shangazi yenu asimame mahali pangu."

Kwa ukoo wetu, bibi harusi hatoki nyumbani bila nyanya yake kuchukua maji mdomoni na kumpulizia kichwani, akimtamkia mema. Tunaenda kanisani, ndiyo, na pasta anaomba, lakini yale maji ya nyanya yanakuja kwanza. Na yanapulizwa mbele ya wakwe. Shosho akasema mbele ya wakwe hawezi kusimama na ufizi wa chini ukiwa wazi, afadhali abaki ndani. Nikampigia dada simu kumweleza. Akasema, "Shangazi nampenda, lakini kama si shosho mimi sitoki kwa hiyo nyumba. Wewe ndiye ulichemsha, wewe tafuta dawa."

Jirani ndiye alituambia kuna fundi wa meno Kawangware, upande wa Kabiro. Tukachukua boda boda mbili, shosho mbele, mimi nyuma nikimwangalia alivyokaa kiupande na leso yake imefungwa vizuri, kama mtu anaenda kutembelea mawaziri.

Fundi alikuwa mama wa rika la mamangu, mtu wa Kitui, ambaye alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye maabara ya meno huko tao, katikati ya jiji, kabla ya kufungua yake. Chumba chenyewe ni kimoja, kisafi, cheti kimetundikwa ukutani. Kwenye rafu kulikuwa na taya za plasta nyeupe zimepangwa mstari, na mimi nikaziogopa kidogo, maana zilikuwa zinacheka bila watu.

Akageuza yale meno kwenye mwanga. "Nani alifanya hivi?"

"Ni mimi."

"Maji ya chai?"

"Ya chai."

"Wewe ni wa Kibera."

"Umejuaje?"

"Watu wa Kibera wanachemsha. Wa hapa Kawangware wananiletea yamebandikwa na supaglu. Nikiona tu meno najua mgonjwa wangu amelala wapi."

Pembeni niliona sufuria kubwa juu ya jiko la gesi, na ndani yake chuma kizito. Nikauliza ni ya nini. Akasema ndimo anamopikia meno. Nikaona nimepata mahali pa kujitetea: "Kumbe hata wewe unachemsha!"

"Nachemsha yakiwa yamefungwa ndani ya hicho chuma na kukazwa, hayana pa kwenda. Wewe uliyaachilia yajikunje yanavyotaka." Shosho akacheka akiwa ameziba mdomo na leso.

Akatuambia hayo yaliyojikunja hayanyoosheki, lazima atengeneze mapya ya chini, na kwa sababu ya harusi atayaweka mbele ya kazi nyingine. Akakoroga unga fulani na maji ukawa mzito kama uji, akaujaza kwenye kitu kama kijiko kipana, akaukandamiza kwenye ufizi wa shosho. "Pumua na pua, shosh. Fikiria kitu kitamu." Shosho hangeweza kujibu, akainua kidole gumba. Ule uji ulipoganda ukatoka na alama yote ya ufizi wake, kila mkunjo. Sijawahi kuona mtu akishika uso wa mzee kwa upole namna hiyo. Mimi huuza viatu vya mtumba kando ya barabara pale Olympic, na shuleni nilifika form two tu, lakini nina tabia ya kuota ndoto za kazi nyingine nikiona mtu anaijua yake. Siku hiyo nikaota nimevaa aproni kama yake.

Alhamisi tukarudi kwa majaribio. Meno yalikuwa yamepangwa juu ya nta ya rangi ya waridi, na mbele yetu akaendelea kuyarekebisha moja moja, kwa kisu kidogo alichokuwa anakipasha kwenye moto wa spiriti. Anageuza jino kama upana wa unywele, anarudi nyuma, anaangalia, anaguna, anageuza tena. Alipomaliza akamwekea shosho mdomoni na kumpa kioo.

Shosho akajiangalia muda mrefu. "Ni mazuri sana," akasema. "Mwanangu, usinikasirikie. Unaweza kunitolea mawili ya katikati?"

"Nikutolee?" Fundi akaniangalia mimi, halafu shosho. "Shosh, watu wanakuja hapa kuongezewa."

"Najua. Lakini hayo mawili siyo yangu."

Ndipo akatueleza. Akiwa msichana mdogo aling'olewa meno mawili ya chini ya mbele, kama wenzake wote wa rika lake, na hakulia. Akaolewa na hilo pengo, akazaa nalo. Mengine yalipoanguka kwa uzee, akaenda kliniki fulani akatengenezewa seti nzima, na huko hakuna aliyemuuliza. Wakajaza safu yote. "Tangu hapo nimebariki wajukuu watatu," akasema, "na mara zote tatu maji yalinimwagikia kidevuni kama ya mtoto anayenyonya. Baraka inatakiwa itoke kama manyunyu. Njia yake ilikuwa hapa." Akagusa katikati ya mdomo wa chini.

Mimi kwenye moja ya hizo harusi nilikuwepo. Niliona yale maji yakimwagika na nikafikiri ni uzee tu.

Fundi akaweka kisu chini. Akasema nyanyake yeye, huko Kitui, alikuwa na meno ya mbele yaliyochongwa yakawa na ncha, na yeye mwenyewe akiwa mtoto alikuwa anamwonea aibu mbele ya wenzake wa shule. "Sasa natafuta hata picha moja anacheka, sina." Halafu akapasha kisu, akang'oa yale meno mawili kwenye nta, akaanza kulainisha nafasi yake kwa uangalifu uleule, kana kwamba pengo nalo ni jino linalohitaji kukaa vizuri. Akamuuliza lilikuwa pana kiasi gani. Shosho akafumba macho, akaingiza ncha ya ulimi, akasema, "Punguza kushoto."

"Nijaribu na maji?" shosho akauliza.

"Na hii nta? Ukipuliza meno yataruka mpaka barabarani. Ngoja yaive."

Ijumaa tukayachukua. Fundi akaniambia mimi, si shosho, nirudie maagizo kwa sauti: kuyasugua na brashi laini na sabuni ya kawaida, kuyashikia juu ya beseni lenye maji, ili yakiteleza yaangukie maji na si simiti, kuyaweka kwenye maji yasikauke. "Na ukiogopa viini, chemsha maji, yaache yapoe kabisa, ndiyo uweke meno. Sema."

"Yapoe kabisa."

"Tena."

"Yapoe kabisa, mama."

Njiani nikamwomba shosho ajaribu kupuliza, angalau mara moja, tujue kama yanafanya kazi. Akakataa katakata. "Baraka haifanyiwi mazoezi." Kwa hiyo nikabeba ile hofu peke yangu mpaka kesho yake.

Wakwe walifika asubuhi wakiimba, wakajaa kwenye ua wa ploti, wengine wakiinama chini ya kamba za nguo. Dada akapiga magoti kwenye mkeka na gauni lake jeupe. Shosho akatoka, akasimama wima mbele ya wakwe, akawasalimia kwa sauti ya kusikika, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu nikamwona akisalimia watu kwa ule mdomo wake halisi. Maneno mengine yalitoka na upepo kidogo. Mzee mmoja upande wa wakwe akatikisa kichwa akitabasamu, kama mtu aliyesikia lugha ya kwao.

Akachukua kikombe, akajaza funda moja la maji mdomoni.

Akapuliza. Maji yalitoka mepesi, mapana, yakatawanyika hewani juu ya kichwa cha dada na kukaa hapo sekunde moja kwenye jua kabla ya kushuka. Hata tone moja halikugusa kidevu chake. Akampulizia mara ya pili, akamtamkia maisha marefu, watoto na nyumba yenye kicheko, na wanawake wa pande zote mbili wakapiga vigelegele.

Msichana aliyempaka dada vipodozi akakimbia na tishu, kwa sababu poda ilikuwa imeingia madoadoa uso mzima. Dada akamshika mkono.

"Wacha," akasema. "Yakauke yenyewe."