Niliweka Tiki kwa Ukurasa wa Mwanamke Mwingine

Admin, jina langu libaki kwako tu, kwa sababu dada za bwanangu wote wako kwa hii page na hawana dogo. Niko na miaka thelathini na nne, nimeolewa miaka tisa, tuko na msichana mmoja. Nashona mapazia Riruta, hapa Nairobi. Kaduka ni kadogo lakini kazi ni safi, hata wanaonichukia wanakubali. Bwanangu, mwiteni Baba Ivy, anatengeneza website za watu. Kazi yake haswa ni kupanga ukurasa ndio mtu akitafuta kitu kwa mtandao, mteja wake atokee wa kwanza: kichwa cha ukurasa, majina ya picha, maelezo, vitu kama hizo.

Sasa nitafuteni mimi. "Mapazia Riruta." Nilikuwa ukurasa wa nne, chini ya mtu anauza magodoro! Kila nikilalamika ananiambia, "Mama Ivy, yako nitaifanya weekend." Weekend gani, sijui. Mganga hajigangi, sawa, lakini hata mke wake akose dawa?

Mwezi wa tisa mteja akaniambia kuna mwanamke mtaa wa Jamhuri anashona kama mimi, na yeye ndiye wa kwanza kwa mtandao. Nitamwita Njoki, si jina lake. Nikafungua ukurasa wake nikiwa dukani. Network ilikuwa mbaya, picha zikakataa kufunguka, na mahali pa kila picha pakatokea maneno. Hapo ndipo nilijionea.

Wacha niwaeleze. Nyuma ya kila picha kuna maelezo ambayo kwa kawaida huyaoni, yale simu inamsomea mtu kipofu, na mitambo ya kutafuta kama Google pia inayasoma. Wengi hawajisumbui kuyaandika. Baba Ivy huandika, na ana sheria yake: "Eleza picha kama mtu amekushika mkono na haoni." Nikajua ni yeye mara moja. "Pazia la rangi ya asali kwenye dirisha la sebule, jua la asubuhi likipita katikati." Ngai! Rangi ya asali! Huyu mwanaume, miaka tisa, nikivaa nguo mpya anasema "iko sawa." Na picha zangu, kwa ukurasa alioutengeneza yeye mwenyewe, zilikuwa na namba za kamera tu, 0043, 0044, kama wafungwa.

Niliona wivu hadi nikakata kitambaa cha mtu vibaya. Aliporudi nikamuuliza, "Njoki ni nani?"

"Ni mteja."

"Na hiyo asali?"

Akacheka. "Mama Ivy, hiyo ni kazi bana."

Afadhali angenyamaza. Kile kicheko ndicho kiliniwasha.

Jumamosi iliyofuata akaenda kunyolewa Dagoretti Corner, akaacha laptop wazi mezani. Alikuwa katikati ya kubadilisha ukurasa wa Njoki. Kuna kisanduku kimoja alinionyesha zamani: ukiweka tiki, ukurasa unaambia mitambo ya kutafuta isiuonyeshe. Anakitumia kazi ikiwa haijaisha, halafu anatoa tiki. Nikaiweka. Nikasave. Nikarudi jikoni kwa chapati zangu, na haki ya Mungu, nilikuwa naimba.

Baada ya wiki kadhaa Njoki akapotea kwa mtandao kabisa, na huo ndio msimu watu wanabadilisha mapazia ya Krismasi. Akapiga simu akilia, nikamsikia kwa spika. "Simu yangu hailii siku hizi. Nimeambia wasichana wangu wawili wa kushona wakae nyumbani. Nilikukosea nini?" Baba Ivy akafungua laptop, akatafuta, akapata ile tiki. Akashika kichwa. Mnajua alisema nini? "Ni mimi. Nilisahau kuitoa."

Kwa kazi yao hilo ni kosa la aibu, la mtu anayejifunza. Akaomba msamaha, akaitoa, lakini kurudi juu kunachukua muda na Njoki hakungoja. Alimfuta kazi. Akaambia wenzake wa chama, na watatu waliokuwa wateja wa Baba Ivy wakamhama pia. Na mimi, wakati wa hiyo simu yote, nilikuwa nimesimama hapo na kikombe cha chai mkononi, nikikoroga sukari.

Sasa Baba Ivy anashinda nyumbani. Hajiamini tena, kitu kimoja anaangalia mara tano. Mwezi uliopita akaja dukani, akavuta kiti karibu na cherehani, akasema, "Leta picha zako." Tukakaa hapo siku nzima. Anashika kitambaa, ananiuliza hii kijani ni ya nini haswa, namwambia ya mboga ya managu, anaandika. Kuna picha moja nikipima dirisha la mteja. Nikachungulia alichoandika: "Mke wangu akipima dirisha, penseli mdomoni, hataki kusumbuliwa." Nililia. Akadhani ni furaha, akanipapasa mgongo akaniambia, "Angalau wewe hutanifuta."

Leo asubuhi mteja mgeni amepiga simu: "Nimekupata wa kwanza kabisa!" Nikamuuliza vipimo vya dirisha, nikakata simu.

Jamani, nikimwambia ukweli, atajua hakusahau kitu, na labda atajiamini tena. Lakini atajua pia ameoa mtu wa aina gani. Nikinyamaza, nitabaki na hii nafasi ya kwanza niliyoililia, na yeye atabaki akijiona mjinga kwa kosa langu. Na wale wasichana wa Njoki bado wako nyumbani.

Nitukaneni kidogo tu, nimeshajitukana vya kutosha. Halafu mnishauri: naanzia wapi kumwambia? Mnijibu haraka, kwa sababu saa hii ako hapa tena, upande wa pili wa cherehani, na ananiuliza hii nyekundu aiandike ni nyekundu ya nini.