Mafua ya Musonoi Yaenda Lubumbashi

Niliondoka Kolwezi kwa sababu ya ramani. Kiangazi kile nusu ya Musonoi, mtaa wetu wa Kolwezi, ilikuwa inakohoa, nasi manesi wa kituo cha afya tulikohoa pamoja na wagonjwa wetu. Ndipo ikaja barua kutoka Lubumbashi: kutakuwa na mkutano wa siku tatu wa kutabiri jinsi virusi vya mafua vitakavyojibadilisha, ili wanaochagua chanjo ya msimu ujao wajue wachague ipi. Pamoja na barua kulikuwa na ramani. Penye mafua palipakwa rangi nyekundu. Kolwezi palikuwa peupe. Kwa mujibu wa ramani, tulikuwa wazima.

Tata Kabongo, daktari wetu, aliisoma, akapiga chafya, kisha akanigeukia. "Mama Thérèse, banasema huku hakuna grippe, juu hatuyatuma prélèvement hata moja. Utabapelekea weye mwenyewe."

Siku iliyofuata nilipitisha vijiti vya pamba puani mwa wagonjwa kumi na wawili. Wa mwisho alikuwa Ngalula, mtoto wa kike wa miaka mitatu, aliyepigana nami mpaka mama yake, mama Kapinga, akamkalia miguu. Vichupa kumi na viwili nikavipanga ndani ya sanduku la barafu. Virusi vikipata joto vinaharibika, wala maabara haiwezi kuvisoma tena.

Jumatano alfajiri pikipiki ilinifikisha kwenye basi, nikaketi na sanduku mapajani.

Kabla ya Likasi tulisimamishwa kwenye kizuizi cha kukagua madini. Mtumishi mmoja aliyevaa miwani ya jua aliligonga sanduku kwa kalamu.

"Mama, muko nini mu hii boîte?"

"Prélèvement, tata."

Nilikosea neno. Kwetu huku kwenye migodi, prélèvement, yaani sampuli, ni jiwe.

"Ya cuivre ao ya cobalt?"

"Ya pua."

Akafikiri kidogo. "Hiyo mine ya Pua iko upande gani?"

Nilimweleza kwa utaratibu kwamba ni kamasi za wagonjwa. Akanijibu, kwa utaratibu pia, kwamba chochote kinachotoka Kolwezi lazima kipimwe uzito. Akaliweka sanduku juani, juu ya meza, akaenda kumtafuta mwenye mizani. Karibu saa nzima nilisimama nikilitia kivuli kwa kitenge changu, huku maji ya barafu yakichuruzika miguuni mwa meza. Aliporudi bila mizani, nilimpa barakoa na glavu. "Fungua basi, tata. Lakini vaa hii kwanza. Batu kumi na mbili banakohoa humo ndani."

Alirudi nyuma hatua tatu, akaniandikia risiti kwa mbali: *Bidhaa: pua. Uzito: haujulikani.*

Alasiri nilifika Lubumbashi. Kwenye maabara nilipokewa na mama Odette, fundi mwembamba asiyepoteza maneno. Alitazama kipimajoto kilichokuwa sandukuni, akavikagua vichupa kimoja kimoja. "Tano tutajaribu. Hizi saba zimekufa, mama." Cha Ngalula kilikuwa kati ya vile saba. Nilikaa kwenye kiti cha karibu.

Jioni ile mama Odette alinieleza kazi yake. Virusi vinapojinakili hukosea. Makosa mengi hayana faida, lakini moja moja huvifanya visitambuliwe na kinga ya mwili, na hivyo ndivyo vinavyosambaa. Kutengeneza chanjo huchukua miezi, kwa hiyo lazima mtu akisie mapema ni virusi gani vitatawala. "Na tunakisia na ile tuko nayo," alisema. "Yenye hatuna, hatuioni."

Kesho yake mkutano ulifunguliwa na profesa, mwenyekiti wetu. Ukutani alionyesha mti mkubwa: kila tawi ni ukoo wa virusi. Kolwezi, alisema, haina mafua, huenda kwa sababu vumbi la madini linaviua virusi. Ukumbi mzima ukaandika.

Nilisimama. "Tata Professeur, grippe ya Kolwezi iko mu frigo, pale nyuma."

Akauliza kama nina kibali cha kuzungumza. Sikuwa nacho. Virusi navyo havikuwa nacho, lakini sikulisema hilo.

Siku ya tatu mama Odette aliingia na karatasi. Vichupa vinne vilikuwa vimesomeka, na virusi vyake vyote vilikuwa kwenye kitawi kipya cha ule mti, vimebadilika pale pale kinga ya mwili inapovishika. Profesa alikitazama kwa muda mrefu. "Ni kama tulivyotabiri," akasema. Ukumbi ukaandika tena.

Niliuliza chanjo yenyewe itafika Kolwezi lini. Hilo, nikajibiwa, ni la mkutano mwingine.

Jumapili nilirudi Musonoi. Nilichojifunza ni kidogo: utabiri wa wasomi wote wale unaanzia puani mwa mtu, na mtu huyo ana haki ya kuambiwa ukweli. Kwa hiyo nilianzia kwa mama Kapinga. Ngalula alikuwa amepona, ila sasa aliyekohoa ni mdogo wake, mgongoni mwa mama yao.

"Ile ya Ngalula, banaisoma?" aliniuliza.

"Hapana, mama. Iliharibika mu njia."

Kisha akamshusha yule mdogo, akampakata, akamwinua kidevu kwa vidole viwili.

"Kamata ya huyu," alisema.